HELA YA POLE SIYO FIDIA: ukiumia kazini, fanya hivi



Leo naomba tugusie kitu ambacho sisi vijana huwa tunakiona ni cha wazee au cha watu wa vyama vya wafanyakazi, mpaka siku kinatukuta wenyewe: ukiumia kazini nani anakulipa, unampata wapi, na kwa nini wengi wetu tunaishia kupewa laki moja na maneno matamu. Mimi siyo mwanasheria. Ila nimewasindikiza watu watatu kufuatilia fidia zao, wawili ni ndugu zangu kabisa na mmoja ni jirani yangu mtaani, na sheria yenyewe nimeisoma. Wawili walilipwa. Mmoja hakupata hata senti tano, na nitaeleza kwa nini.

Najua wengine hapo mlipo dakika zinahesabika na jamaa wa kafe anawaangalia, kwa hiyo neno kuu nalisema sasa hivi. Fidia nyingi hazipotei mahakamani wala kwa wakubwa. Zinapotea ndani ya WIKI YA KWANZA, pale unapopokea hela ya pole, unanyamaza, na hakuna karatasi hata moja inayosema uliumia kazini. Hela ya pole ni utu wa bosi wako. Fidia ni haki yako. Ukivichanganya hivi viwili umeliwa.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo wengi tunapokosea tangu mwanzo. Tunadhani anayelipa ni bosi, kwa hiyo tunamwogopa, tunambembeleza, tunamsubiri apate hela. Kumbe kwa Tanzania Bara anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wengi wanaujua kwa herufi zake: WCF. Uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 (Sura ya 263), ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015, na kuanza kulipa mafao tarehe 1 Julai 2016. Unahusu sekta binafsi na serikali. Zanzibar wana utaratibu wao, kwa hiyo ndugu zangu wa Visiwani haya ya leo yasomeni kwa faida ya ndugu zenu walioko huku.

Kabla ya hapo hali ilikuwa kichekesho cha kuliza. Sheria ya zamani tuliyorithi kwa mkoloni iliweka viwango ambavyo havikuguswa miaka nenda rudi, mpaka ikafika mahali mtu anapata ulemavu wa maisha halafu kiwango cha juu cha kumlipa ni shilingi 108,000. Ndiyo, laki moja na elfu nane, mkono umekwenda. Nadhani hii tabia ya "mpe laki moja aende" imetokea huko. Sheria ilibadilika, mabosi wengine hawakubadilika.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Mwajiri ndiye anayechangia Mfuko, na anachangia asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa. Sekta binafsi walianza na asilimia 1, ikashuka hadi 0.6 Julai 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawasawa na sekta ya umma. Kama mshahara wako ni shilingi 300,000 kwa mwezi, bosi anatakiwa akuchangie shilingi 1,500. Buku na jero! Haifiki bei ya sahani ya wali maharage sehemu nyingi za mjini. Na hiyo haitakiwi kukatwa kwenye mshahara wako, ni ya kwake yeye.

Mtaniuliza, kama ni elfu moja na mia tano tu, mbona mabosi wanaficha ajali? Sababu ziko wazi. Wa kwanza hajasajili kabisa, au amesajili wafanyakazi kumi wakati anao sitini, na ajali moja ikiripotiwa itafumua yote. Wa pili ameandikisha mishahara midogo kuliko anayolipa. Wa tatu anaogopa wakaguzi wa OSHA, maana ajali ikijulikana wataingia kuangalia ile mashine iliyotolewa kizuizi chake ili kazi iende fasta. Kwa hiyo ukimya wako una bei kubwa kwake kuliko ile laki anayokupa.

"MIMI KIBARUA TU, SINA MKATABA"

Hii ndiyo sentensi inayowaangusha vijana wengi. Hebu tuiangalie vizuri.

Mkataba siyo lazima uwe karatasi. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, na bado ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Asipokupa halafu mkafikishana kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha kile mlichokubaliana unamwangukia YEYE, siyo wewe.

Kuna na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Hiki kifungu ni dhahabu na wachache wanakijua. Kinasema mtu anachukuliwa kuwa ni mfanyakazi kama LOLOTE kati ya haya lipo: namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine, saa zako za kazi zinapangwa na mtu mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi ile, umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vitendea kazi, au unamfanyia kazi yeye peke yake. Lolote, hata moja. Asipokubali, ni juu yake kuthibitisha kwamba wewe siyo mfanyakazi wake.

Hebu jipime. Saidia fundi anayeingia saa moja asubuhi na kutoka jioni, anatumia koleo la kampuni, anaamrishwa na supavaiza, ana saa ngapi kwa mwezi? Saa 45 anazimaliza wiki ya kwanza. Basi acha kujiita "kibarua tu".

Ila tusidanganyane, Mfuko huu ni wa mtu mwenye mwajiri. Kama umejiajiri, una genge lako au kiosk chako, hii siyo njia yako, tafuta bima nyingine.

SIKU YENYEWE YA AJALI

Kwanza ni uhai. Huduma ya kwanza, hospitali, mengine baadaye. Lakini ukiweza kuongea, au kama wewe ndiye mshikaji wa aliyeumia, kuna mambo manne yasikupite.

1. Sema pale pale, kwa sauti, kwa msimamizi: nimeumia. Usiseme "kitu kidogo tu, nitapona". Mgongo ulioshtuka leo unaweza kukulaza mwezi ujao, na watakuuliza mbona hukusema.

2. Kumbuka walioona. Majina mawili matatu na namba zao za simu. Vibarua wanahamahama, mwezi ujao unaweza usimpate hata mmoja.

3. Piga picha. Simu karibu kila mtu anayo. Piga mashine, ngazi, sakafu yenye mafuta, waya ulio wazi. Kesho asubuhi utakuta kumesafishwa na kizuizi kimerudishwa kana kwamba kilikuwepo siku zote.

4. Ukifika hospitali, mweleze daktari au nesi UKWELI: nimeumia kazini, nikifanya kazi hii, mahali fulani. Hakikisha imeandikwa kwenye faili lako. Na kwa kuwa ni ajali, pitia polisi upate PF3, kama hali hairuhusu basi mwenzako aifuatilie baadaye.

Hiyo namba nne naomba niielezee zaidi kwa sababu nimeiona kwa macho yangu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya mbao. Msumeno wa umeme ukampitia vidole viwili vya mkono wa kushoto. Wakampeleka zahanati ya karibu, bosi akalipia kushonwa, akampa shilingi 150,000 na njiani supavaiza akamwambia, "Dogo, wakikuuliza sema umejikata nyumbani, ukisema kazini watatuzungusha polisi na utachelewa kutibiwa." Yeye na maumivu yake akasema hivyo hivyo. Ikaandikwa: amejikata nyumbani.

Nilipomfuata jioni ananiambia, "Kaka, wamenitendea vizuri, si wamenipa laki na nusu?" Vidole viwili, laki na nusu, na karatasi ya hospitali inasema ajali ya nyumbani!

Tulichofanya kesho yake tulirudi pale zahanati. Daktari hakukubali kufuta alichoandika, na alikuwa sahihi, kumbukumbu za mgonjwa hazifutwi. Lakini alikubali kuongeza maelezo mapya kwa tarehe ya siku ile, kwamba mgonjwa amerudi na kueleza kuwa aliumia na msumeno akiwa kazini. Halafu tukapata wafanyakazi wenzake wawili wakaandika walichokiona na kusaini. Na cha tatu ndicho kilichotusaidia mno: supavaiza mwenyewe alikuwa amemtumia meseji usiku ule, anampa pole na kumwambia ile mashine imeshatengenezwa, akipona arudi. Meseji ya kiungwana kabisa, na ndani yake kuna mashine, kuna kazi, kuna tarehe. Tukaipiga picha, tukaitoa nakala steshenari kwa shilingi mia mbili.

Kwa hiyo wadau, msifute meseji. Hata ya "pole".

SIKU SABA ZA KWANZA

Kisheria ni mwajiri anayetakiwa kuujulisha Mfuko, na ana siku SABA tangu apate taarifa ya ajali. Sasa ili siku saba zianze kuhesabika ni lazima ionekane kwamba alijua. Ndiyo maana nasema mpe barua. Haihitaji mwanasheria, wala Kiingereza. Mnaoweza kuandika hapo hapo kwenye kompyuta mliyokalia, chukueni mfano huu:

"Mimi (jina), nafanya kazi kwenye kampuni yako kama (kazi) tangu (mwezi na mwaka). Tarehe (…) saa (…), nikiwa kazini sehemu ya (…), niliumia (sehemu ya mwili) wakati nikifanya (…). Walioshuhudia ni (…) na (…). Nilitibiwa (hospitali). Naomba taarifa ya ajali hii ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku saba kama sheria inavyotaka, na nipewe nakala. Naambatanisha nakala ya cheti cha hospitali."

Toa nakala mbili. Moja unamwachia, ya pili inagongwa muhuri au inasainiwa "imepokelewa" na tarehe. Wakikataa kusaini msigombane, mtumie picha ya barua hiyo kwa simu yake, kwenye namba anayoitumia siku zote. Tayari ameshajua, na wewe unayo tarehe.

Lugha iwe ya heshima. Unamwamkia, unamshukuru kwa kukupeleka hospitali, halafu unampa barua. Ile pole aliyokupa ipokee kwa mikono miwili, hakuna sheria inayokukataza. Ila ukiletewa karatasi ya kusaini isemayo "nimelipwa na sina madai mengine", mwambie unaomba kwenda nayo nyumbani ukaisome na wazee. Bosi mstaarabu hatakataa, na anayekataa ameshakujibu.

BOSI AKIKAA KIMYA

Nenda mwenyewe. Mfanyakazi anaweza kutoa taarifa moja kwa moja WCF, na ndugu anaweza kumfanyia kama aliyeumia hajiwezi. Unaweza kwenda ofisi zao, au kuanzia kwa afisa kazi wa mkoa wako, na siku hizi wana mfumo wa kujaza taarifa kwa mtandao. Huduma hii haina malipo. Ukiona mtu pale nje anakwambia "nipe elfu hamsini nikusukumie faili", huyo ni kishoka, mpite.

Beba hivi: kitambulisho (cha NIDA ndicho kizuri zaidi), nakala ya barua uliyompa bosi, vyeti vya hospitali na eksirei, PF3, maelezo ya mashahidi, picha, na kitu chochote kinachoonyesha kazi na mshahara. Hapa kwenye mshahara tafadhali msipite haraka. Fidia inapigwa kwa kipato chako, na kipato kinatakiwa kionekane. Kama unalipwa mkononi, tafuta alama: meseji za M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), daftari la kusaini posho, taarifa ya michango yako ya NSSF. Huyo mdogo wangu alikuwa analipwa kila Jumamosi kwa simu na namba ya karani, tukaenda kutoa taarifa ya miamala ya miezi sita. Ilikuwa inaonekana kama saa, kila Jumamosi, kiasi kile kile.

Na msichelewe. Madai yanatakiwa yawasilishwe ndani ya MIEZI KUMI NA MIWILI tangu ajali, au tangu kifo kama mtu amefariki. Sasa niwaambie habari za yule aliyekosa. Ni jirani yangu, baba wa makamo, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Mkandarasi alimlipia hospitali, akawa anamtumia elfu thelathini, elfu ishirini, kila akipiga simu anajibiwa "mzee wangu, nakuangalia, siwezi kukuacha". Mzee akaona aibu kumshtaki mtu anayemlisha. Ilipita miezi kumi na tano. Mradi ukaisha, simu ikawa haipatikani, na tulipoanza kufuatilia muda ulikuwa umekwisha, mashahidi wametawanyika, na kumbukumbu ya ajali haikuwepo popote. Leo anatembea na fimbo na anauza vocha. Sisemi mkandarasi alikuwa na roho mbaya, labda alimaanisha kila alichosema. Lakini ahadi ya mdomo haisimamishi kalenda.

UNALIPWA NINI HASA?

Mafao ni saba: matibabu, fidia ya ulemavu wa muda, fidia ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa ajili ya mtu wa kukuhudumia kama huwezi kujihudumia mwenyewe, huduma za utengamao (kukurudisha kwenye hali ya kujitegemea, pamoja na mafunzo ya kazi nyingine), msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Yanayowahusu wengi ni haya mawili ya ulemavu, tuyaelewe.

Ulemavu wa muda ni pale ambapo umelala au huwezi kufanya kazi lakini unategemewa kupona. Unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa 300,000 ni 210,000 kwa mwezi. Linganisha na ile laki na nusu ya mara moja. Mtu akikaa nyumbani miezi minne tu, ni 840,000. Hapo hatujagusa kidole kilichokatika.

Ulemavu wa kudumu ni kile kilichobaki baada ya matibabu kufika mwisho. Daktari anapima na kuandika asilimia. Ikiwa ni asilimia 30 kushuka chini, unalipwa kwa mkupuo, mara moja. Ikizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Kwa hiyo hiyo namba ya daktari ni kubwa kuliko inavyoonekana, mtu wa 29 na mtu wa 31 wako kwenye njia tofauti kabisa. Siku ya kupimwa usijikaze kiume. Kama kidole hakikunji, sema hakikunji. Kama usiku unakosa usingizi kwa ganzi, sema. Kama kazi yako ni ya mikono, eleza unashindwa nini. Usiongeze chumvi, ila usipunguze.

Usipokubaliana na uamuzi, sheria inakupa nafasi ya kuupinga kwa maandishi, na mlango wa mwisho ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukipewa barua ya uamuzi soma muda uliowekwa wa kupinga, kisha tafuta ushauri wa chama cha wafanyakazi au msaada wa kisheria, vituo vya bure vipo mikoa mingi.

Na kwa wenye familia: siku mtu akifariki kazini wanaolipwa ni wategemezi, na wategemezi wanathibitishwa kwa vyeti. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nimeona mjane akisumbuka miezi kwa cheti cha mtoto ambacho kingetafutwa siku moja baba akiwa hai. Tuvitafute sasa.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

"Kosa lilikuwa langu, niliteleza mwenyewe." Fidia hii haitafuti mchawi. Msingi wake ni kwamba umeumia kutokana na kazi na ukiwa kazini. Kuteleza, kuchoka, kusahau, hivyo ni vya kibinadamu. Kujiumiza kwa makusudi ndiyo habari nyingine.

"Bosi hajajisajili WCF." Hilo ni kosa lake, tena ni la jinai, siyo lako. Lisikuzuie kwenda kuripoti. Ukienda, yeye ndiye atakayejieleza.

"Nilishasaini ile karatasi ya laki mbili." Nenda hivyo hivyo, na nakala yake ubebe. Karatasi inayosema bosi alikupa pole kwa kuumia kwenye kazi yake ni ushahidi kwamba aliijua ajali.

"Sikupata ajali, ila masikio yameanza kuziba kwa kelele za mashine," au kifua kwa vumbi. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yanahusika. Mwambie daktari unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, maana asipojua hataliunganisha.

"Wakinifukuza je?" Hofu hii ndiyo inayofunga midomo, na siwezi kuwaambia haiji. Ila kufukuzwa kwa kudai haki yako siyo sababu halali. Mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), una SIKU THELATHINI tangu kuachishwa, unajaza fomu namba moja ya Tume, na kufungua hakulipiwi. Ukikaa nyumbani miezi miwili ukisubiri bosi apoe, umeshachelewa. Na kumbuka hayo ni mambo mawili tofauti: kesi ya kufukuzwa iko CMA, fidia ya kuumia iko WCF. Moja haisimamishi nyingine.

KUHUSU KUZUNGUSHWA

Sitaki niwapambe kwamba mambo ni mteremko. Tulizungushwa. Kuna siku tuliambiwa cheti hakina muhuri, kuna siku aliyehusika yuko semina, kuna siku mtandao uko chini. Kutoka taarifa ya kwanza mpaka hela kuingia benki ilipita miezi kadhaa. Dawa yake tuliipata mapema: daftari moja. Kila tukienda tunaandika tarehe, ofisi, aliyetuhudumia, alichosema, na kinachofuata. Kila karatasi tunayoiacha tunabaki na nakala. Ukirudi ukafungua daftari mezani na kusoma, "tarehe nne mheshimiwa ulituambia turudi leo", mazungumzo yanabadilika. Siyo ugomvi, ni kumbukumbu.

Mdogo wangu alilipwa, kwanza ya muda kisha ya kudumu. Kiasi ni siri yake, ila ilitosha kununua mashine mbili za kushona na kumwekea mke wake banda, na yeye sasa anafanya kazi ya kupaka rangi samani kwa mtu mwingine. Vidole havikurudi. Hakuna fidia inayorudisha kidole. Lakini kodi ya nyumba ililipwa na mtoto hakutoka shule, na kwangu hiyo ndiyo maana nzima ya kitu hiki.

Ombi langu kwenu ni moja. Kesho ukifika kazini, muulize karani au afisa utumishi kwa upole kabisa: "Samahani mkuu, hivi sisi tumeandikishwa WCF?" Uliza ukiwa mzima, na vidole kumi. Swali hilo ni rahisi leo kuliko siku ambayo utaliuliza ukiwa wodini.

Wenye uzoefu wa mikoani, migodini, mashambani, kwenye malori, shusheni maoni yenu hapo chini tujifunze. Msitaje majina ya watu, tajeni hatua mlizopita. Na anayejua kituo cha msaada wa kisheria mkoani kwake naye aweke.

Naomba kuwasilisha.